Zinia za Upande wa Kushoto

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Kazi inakwendaje, na kile kifua chako cha baridi kimepona? Sisi huku wazima, ukiacha wale wasio wazima, yaani Baba kichwa na mimi mgongo. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu siwezi kusema kitu. Baba yupo hapo hapo barazani, na masikio yake hayakupata kiharusi hata kidogo. Nikinong'ona ndiyo anasikia zaidi.

Uliniuliza hali yake nikakujibu "anaendelea." Haendelei. Mkono unanyanyuka kidogo na miguu inamfikisha chooni, sikatai. Shida ni upande wa kushoto. Macho yamepimwa, mazima. Ni ubongo ndio umesahau kwamba kuna kitu kinaitwa kushoto. Ananyoa ndevu za kulia, anaweka wembe chini na kuniambia amemaliza. Anakula nusu ya sahani kisha ananilalamikia kwamba siku hizi nampunja. Nikiizungusha ile sahani anafurahi, anadhani nimemwongeza. Mtu aliyefundisha nusu ya mji huu kuendesha gari, aliyekuwa akiwapigia kelele wanafunzi wake kwa kusahau kioo cha kushoto, leo kushoto hakujui. Ningekuwa na moyo ningecheka.

Yule mama anayemfanyisha mazoezi kliniki, sisi tunamwita Mama Mazoezi, ametupa amri moja. Kila kitu anachokipenda Baba kiwekwe kushoto. Maji yake, redio yake, watu wake. Anayetaka kuongea naye akae kushoto, na asihame mpaka Baba amtafute mwenyewe. Ukimhurumia ukaenda kulia, anasema, umemfungia ule upande kwa kufuli. Nafasi pale kliniki ni chache na wanaosubiri ni wengi. Mwisho wa Julai watawaangalia wote, na asiyeonyesha kugeuka nafasi yake atapewa mwingine. Wakimtoa, basi, tutabaki naye hivi hivi alivyo.

Redio nimeweka kushoto, anageuka kulia kuitafuta. Picha ya gari lake la kwanza nimeitundika kushoto, haioni. Kitu pekee kilichomvuta ni kipepeo. Juzi alikuja mmoja kwenye ua wa michongoma wa jirani, kulia huko, Baba akamfuata kwa macho huku na huku akicheka. Sijamsikia akicheka tangu augue. Sasa nimekaa nikafikiri, mimi nina ndugu anayeshinda kutwa kwenye shamba la maua ya kuuza, kwa nini nisimtumie? Kushoto kwa baraza kuna ule mkanda wa udongo chini ya ukuta, hauna kitu ila mawe. Nitumie mbegu za maua yanayoita vipepeo. Usichelewe, maua hayaoti kwa siku mbili.

Wako,
Dada


19 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu na wateja wa kusuka hawajaupinda tena. Mimi mzima, kifua kimepona. Barua yako nimeisoma wakati wa chakula na chakula kikanishinda.

Ndani ya bahasha nimekuwekea mbegu za zinia. Hapa umepata bahati, dada, maana zinia ndizo nilizopangiwa kazini mwaka huu wote. Kila mtu anajua vipepeo wanazipenda, hata kwenye pakiti wamechora kipepeo. Hizi si zinia za kando ya barabara. Ni zile kubwa, petali zimepangwa safu juu ya safu mpaka kati, kichwa kinajaa kama ngumi. Nyekundu, machungwa na waridi nimezichanganya.

Lainisha udongo, fukia mbegu kidogo tu, mwagia maji chini na si juu ya majani. Zikifika kimo cha kiganja kata ncha ya juu ili zitoe matawi. Zikianza kuchanua uwe mkali. Ua likionyesha jicho la njano katikati limeshazeeka, likate palepale. Huku likipita moja lenye jicho la njano msimamizi analirudisha na jina lako linaitwa mbele ya watu. Ukikata ndipo mmea unapata nguvu ya kutoa mapya.

Kuhusu Baba, umejaribu kumwambia "kioo cha kushoto" kwa ile sauti yake mwenyewe? Labda mwili unakumbuka. Na nimeomba likizo. Msimamizi ameniambia Juni haina tatizo, kwa hiyo mwezi wa sita nipo hapo, nitakaa naye na wewe upumzike.

Mimi,
Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Sisi tupo. Baba anakusalimia, ingawa alipokuwa akitoa salamu alikuwa akiiambia nguzo.

Nianze na "kioo cha kushoto." Nilisimama nyuma yake nikaisema kwa sauti yake, hata ile kukohoa mwisho niliweka. Alinijibu, "Nimeshaangalia, hakuna gari." Akanuna mpaka jioni kwa sababu nilimfundisha kazi yake.

Zinia zimeota. Siwezi kukudanganya, ni nzuri. Watu wanasimama njiani wanatazama. Mteja mmoja aliniomba picha nazo kabla sijamaliza nywele zake. Nimelainisha, nimemwagia chini, nimekata ncha. Kila asubuhi kabla ya kufungua chumba cha kusukia napita na mkasi, na lenye jicho la njano halinusuriki. Mkanda wote ni petali tupu, mwekundu na machungwa, umejaa kiasi kwamba udongo hauonekani.

Vipepeo hakuna. Nimesema hakuna. Wanapita juu, wanashuka, wanagusa mara moja na kuondoka kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Baba anaangalia kulia kutwa, na huko kulia ndiko anakochekea, na mimi nimekuwa mtunza bustani ya ukuta. Juni inaanza kesho kutwa. Nani anazo pakiti zenye picha ya kipepeo, mimi au wewe? Niambie nakosea wapi. Na niambie basi linakuja siku gani nikupokee.

Dada yako


14 Juni

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa kujibu, nilikuwa natafuta namna ya kulisema hili bila kukuudhi, na nimeikosa.

Likizo imefutwa. Maagizo ya maua yameongezeka, wenzetu wawili wameacha kazi, na msimamizi anasema anayetaka kwenda aende moja kwa moja. Nimebishana naye mpaka nikaambiwa nirudi kwenye mstari wangu wa maua. Usidhani sikutaka. Nilikuwa nimeshanunua sweta la Baba, lipo juu ya sanduku.

Kuhusu vipepeo, nimeuliza wenzangu. Tunadhani unachelewa kukata. Jicho la njano likishafunguka mmea unaelekeza nguvu kwenye mbegu na ua linapoa. Usisubiri lionekane. Papasa katikati kwa kidole, ukisikia panaanza kulegea, kata. Ongeza na samadi iliyokauka. Zinia zikiwa na afya vipepeo hawana ujanja, watakuja wenyewe. Jitahidi, dada, nakuomba, huu mwezi ndio wenye maana.

Mdogo wako


27 Juni

Mdogo wangu,

Salamu utazipata mwishoni nikishapoa.

Jana nilikuwa barazani namlisha Baba, akaanza kucheka. Kulia, kama kawaida. Nikasema ngoja leo nami nione hicho kinachomchekesha, maana kwa jirani ule ua ulishapunguzwa zamani. Nikamzunguka. Unakumbuka bomba letu la maji lipo kulia, chini ya ngazi? Pale huwa naweka ndoo. Yale maua ninayoyakata kila asubuhi, yale mazee yenye jicho la njano, moyo wangu haukukubali kuyatupa. Nayatia kwenye ndoo ile yenye maji yakae siku zake. Sasa ile ndoo ilikuwa imefunikwa na vipepeo. Weupe, wa njano, wale wakubwa weusi wenye madoa, wanasukumana kama wateja siku moja kabla ya harusi. Na huku kushoto kwenye mkanda wako wa kifahari hakuna hata nzi.

Nikachuchumaa nikawaangalia vizuri. Hawagusi petali kabisa. Kule katikati kwenye lile jicho kuna viua vidogo vidogo vya njano, vimepangwa duara, na kipepeo anatoa ule mrija wake anatia kimoja kimoja, anazunguka mpaka amalize. Nikachukua lile ua lako la safu juu ya safu nikalipasua kwa wembe. Ndani ni petali, na ndani yake petali tena. Hakuna mahali pa kunywea. Umenifanya niwakatie vipepeo chakula chao na kuwapelekea upande wa kulia, kwa mikono yangu, kila siku ya Mungu, na nilipolalamika ukaniambia niongeze bidii.

Miezi mitatu, mdogo wangu. Mama Mazoezi anasema kila siku Baba anayocheka akiangalia upande wa kulia ni siku ambayo kushoto kunazidi kupotea. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchekesha.

Mkasi nimeuficha. Sasa yanachanua mpaka yachoke. Ndoo nimeimwaga. Usiniletee ushauri mwingine wa maua. Ninachotaka ni wewe, na miguu yako, kwenye kiti cha kushoto, kabla Julai haijaisha.

Hujambo? Kula vizuri.

Dada


5 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimesoma nikiwa nimesimama na bado nimesimama.

Nilitaka kujitetea nikaona nitaongeza ubaya, kwa hiyo nakueleza tu. Mabanda yetu yana wavu kila upande, hata mlangoni kuna pazia la wavu. Mdudu haingii. Nimekaa na zinia mwaka mzima na sijawahi kuona kipepeo ametua kwenye hata moja. Ninachokijua mimi ni ua la mezani. Kwetu ua zuri ni lile lililofunga, na lililofunguka ni hasara. Nilikutumia nilichonacho nikadhani ndicho unachokihitaji.

Nimemwambia msimamizi nakwenda, anipe ruhusa au asinipe. Amenipa wiki moja, kwa uso wa mtu anayekupa meno yake. Nakuja na basi la Jumamosi. Usimwambie Baba, nataka ageuke anikute.

Mdogo wako


24 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimefika salama, nimerudi kwenye mstari wangu, na nina hasira ambayo nimeshindwa kuimeza njia nzima. Bora niitoe.

Ulikuwa ndani unasuka watu, hukuona yote. Ngoja nikuonyeshe wiki yangu ilivyokuwa. Siku ya kwanza nilikaa kwenye kile kiti cha kushoto ulichonipangia, katikati ya baraza na zinia, nikasema, "Shikamoo Baba, nimekuja." Uso ulimchangamka. Akageuka kulia, akaangalia huku na huku, kisha akaipapasa ile simu iliyokuwa mapajani mwake na kuisogeza sikioni. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Leo mtandao mzuri. Sauti inakuja kama uko hapa hapa."

Nikamwambia Baba, niko hapa. Akacheka akasema, "Ndivyo unavyosema siku zote."

Hivyo hivyo wiki nzima, dada. Asubuhi nakaa, nasalimia, anashika simu. Aliniuliza baridi ya huko, akaniuliza kama msimamizi ameacha kelele. Alinihadithia kwamba wewe unamnyima chakula na kwamba umepanda maua ukutani ambayo hajawahi kuyaona. Vipepeo walikuwa wamejaa, sikatai, wengine walinitua begani, nikawa namwelekeza, "Baba, tazama huku, fuata sauti yangu." Anafika mpaka ile nguzo ya katikati, kisha macho yanarudi kulia. Na kila akimaliza kuongea alikuwa anasema neno moja. "Jitahidi uje, hata siku moja, nikuone." Anaiambia simu. Mimi goti langu limegusa lake.

Kiti cha kulia kilikuwa kitupu muda wote. Hatua chache tu ningemzunguka, angeniona, angenishika kichwa kama zamani. Siku ya mwisho nilikuja jikoni nikakuomba. Sikukuficha, nililia. Nikakwambia niache nikae kiti cha kulia dakika moja, kisha niondoke. Ukasema hapana. Ukasimama mlangoni na chanuo mkononi, ukasema, "Ukienda upande wa kulia utafurahi wewe na ataumia yeye." Nikamuaga kutoka kushoto kama ulivyotaka. Akasema, "Haya, usikate, oh, umekata."

Ulikuwa na haki gani, dada? Nilisafiri usiku na mchana, na kwake yeye sikuja. Hiyo kliniki yako ina amri, na wewe una amri, na mimi ni mtoto wake. Kama lolote litatokea kabla sijapata likizo nyingine nitakumbuka ule mlango na wewe umesimama pale.

Sweta langu nimelisahau kwenye kiti. Lile la Baba alikuwa amelivaa, alidhani umemnunulia wewe.

Mdogo wako


6 Agosti

Mdogo wangu,

Hujambo? Kifua je? Mimi mzima wa mwili. Nilichelewa kujibu kwa makusudi, kwa sababu jibu la kwanza niliandika nikiwa nimekasirika, nikalichana, na la pili likawa baya kuliko la kwanza.

Unaniuliza haki. Wewe ulikuwa na wiki moja ya kumwona haoni. Mimi ninayo kila siku. Unadhani kile kiti cha kulia hakinitamanishi? Namlisha kutoka kushoto, namsomea kutoka kushoto, ananiita jina langu akiwa amenipa kisogo, na mimi napiga moyo konde sihami. Nilipokukatalia pale mlangoni nilikuwa najikatalia na mimi. Siombi msamaha kwa hilo. Lakini nimeona nikwambie kwamba ulipotoka nilifunga chumba, nikawaambia wateja waje kesho.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Kliniki tulikwenda siku waliyotupangia. Wakaweka kikombe kushoto, kengele kushoto, hata saa yake mwenyewe. Hakugeuka hata mara moja. Mama Mazoezi alinishika mkono, na yule mwenye kuandika akaandika. Nafasi imepewa mzee mwingine. Nilirudi nyumbani nikiwa sina hata matusi. Nilitaka kuzing'oa zile zinia zote, na nilianza kweli, mizizi kadhaa ilitoka, kisha mgongo ukanikatalia.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, sikukaa kushoto wala kulia, nimechoka tu. Zinia zilizobaki zimechanua mpaka zimekuwa ovyo, petali zimekauka pembeni, jicho la njano limejaa. Msimamizi wako angezimia. Akaja kipepeo mmoja mweupe, wa kawaida kabisa, akapita mbele ya Baba kutoka kulia. Baba akamfuata. Nikajua atafika kwenye nguzo ataishia pale. Akafika. Akaipita. Shingo ilikwenda polepole, unaona mishipa inavyovuta, akazifikia zinia za kwanza, akasema "Ah," akaendelea na yule kipepeo ua kwa ua mpaka la mwisho. Kipepeo akaruka ukuta akaenda zake.

Baba hakurudi kulia. Alikuwa anaangalia kiti chako. Nilikuwa bado sijakiingiza ndani, na sweta lako lilikuwa palepale kwenye mgongo wa kiti. Akanyoosha mkono akalishika. Akaniuliza la nani. Nikamwambia la mwanao. Akalikunja, akalikunjua, akaliweka mapajani juu ya simu.

"Kumbe haikuwa simu," akasema.

Nikamwambia haikuwa simu.

"Alikaa hapa? Siku zote zile?"

Nikamwambia wiki nzima.

Akakitazama kiti. Kisha akasema, "Na mimi nikawa namwambia aje."

Nilimpigia Mama Mazoezi. Hakuniamini mpaka alipokuja mwenyewe kumwangalia baada ya kazi, akakaa kushoto, na Baba akamtafuta. Ilimchukua muda na jasho, ila alimtafuta. Amesema nimrudishe Jumatatu wamwangalie upya. Sijui watasema nini, nami sikuahidi mtu kitu.

Ulipopiga simu jana si mimi niliyekata. Ni yeye. Alisikia sauti yako akaniambia niizime, hataki tena sauti isiyo na mtu. Tangu siku ile anakigeukia kile kiti mara kwa mara, anakikuta kitupu, ananitazama mimi kana kwamba nimemficha kitu. Nimemweleza habari za kazi yako, habari za likizo, habari za msimamizi, na kila nikimaliza ananiuliza upya. Nimechoka kukusemea. Gombana na huyo msimamizi, au acha hilo banda lake, utajua mwenyewe. Lakini uje, ukae kushoto. Safari hii atakuona.

Wako,
Dada